Shomari na Picha ya Mkewe

Mwaka 1953 Shomari, mkulima wa mihogo Kisarawe, alioa huku akitaka jambo moja: picha ya mkewe, ampelekee mama yake mgonjwa kule Mbwawa.

Mpiga picha akashauri, "Bibi harusi afunue uso."

"Fungate haijaisha, uso uuone wewe?" akafoka Bi Zena, somo aliyemfunda bibi harusi, Biubwa. Wanawake wote wawili wakasimama kando ya Shomari, wamejigubika mabuibui kama magunia ya mkaa.

Picha ilipokuja, Shomari akaigeuzageuza weee. "Biubwa, wewe yupi?"

"Nilifumba macho, mume wangu. Muulize somo."

Somo akakodoa. "Mimi huyu... hapana, yule."

Mbwawa, mama akauliza, "Mkwe wangu yupi?"

"Waombee dua wote, mama. Mungu anamjua."