Gari Lililokuwa Likichemka

Majirani walikuwa bado hawajafungua madirisha, na Mkaguzi alikuwa ameshakaa ndani ya gari lisilokwenda popote.

Lilikuwa limeegeshwa uani, chini ya paa la mabati, na mwenye kuliendesha alikuwa bado kalala. Mama huyu alifungua mlango wa abiria, akakipa kiti mgongo, akajishusha polepole, mguu wa kulia kautanguliza mbele kama alivyofundishwa hospitali. Akavuta pumzi. Kisha akaizungusha miguu yote miwili kwa pamoja mpaka ikaingia ndani. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa amemshauri atandike mfuko wa plastiki kitini ili mwili uteleze wakati wa kugeuka. Mfuko wa plastiki! Yeye ambaye walimu wakuu walikuwa wakisikia mlio wa viatu vyake huko korido, wanafunga vifungo vya mashati, leo akalie mfuko wa dukani? Alitandika mtandio wake wa hariri. Uliteleza vizuri tu, na heshima ikabaki mahali pake.

"Mama, mnasafiri?" jirani aliuliza, kichwa juu ya ukuta.

"Nalikagua gari."

"Limefaulu?"

"Limefaulu. Abiria ndiye anayehitaji masomo ya ziada."

Ukaguzi wa shule ndiyo kazi aliyostaafu nayo, na hata watoto wake walimwita Mkaguzi wakidhani hasikii. Nyonga yake ya kulia ilikuwa imesagika, madaktari wakaitoa, wakampa ya chuma. Waliokuja kumpa pole aliwaambia, "Sasa nami nimefungwa kipuri," wakacheka, na hakuna aliyethubutu kuuliza kama inauma.

Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda kwa dada yake mkubwa, mwendo wa kutwa nzima. Dada huyo macho yalikuwa yamefifia na magoti yamegoma, hawezi tena kusafiri. Ndiye pekee aliyebaki duniani wa kumwita Mkaguzi "katoto". Kila mwaka walikuwa wakionana, lakini tangu nyonga kuharibika walikuwa wakisikiana kwa simu tu, na simu haishikwi mkono.

Binti yake mkubwa, muuguzi, alikuwa ametoa ruhusa kwa sharti. Alilisema mezani, mbele ya mdogo wake.

"Nenda, mama, sikukatazi. Lakini ukifika umevimba, au unachechemea, hiyo ndiyo ya mwisho. Baada ya hapo mtaongea kwa simu."

Alilisema kwa sauti ileile ambayo mama yake alikuwa akiwasomea walimu makosa yao. Mkaguzi angemlaumu nani? Mtoto wa nyoka ni nyoka.

"Na daktari kasemaje kuhusu gari?" kitindamimba aliuliza. Huyu alikuwa fundi umeme, mpole, mwenye tabia ya kupiga mluzi akiwaza. Yeye ndiye angeendesha.

"Kasema nifunge mkanda," alijibu mama.

Daktari alikuwa amesema mengi zaidi ya hayo. Alikuwa amesema kila baada ya saa moja gari lisimame, ashuke, atembee, ndipo arudi kukaa. Hilo Mkaguzi alilimeza kama kidonge kichungu, hakumwambia mtu, na sababu anaijua yeye na nyumba yake.

Katika nyumba ile hawakuwa watu wa kusimama njiani. Marehemu mumewe, mhandisi wa barabara, alikuwa na usemi wake: mtu wa heshima huonekana mahali pawili, anakotoka na anakokwenda. Hao wanaoshuka kila penye kibanda, wanajinyoosha viuno mbele za watu, wanatafuna huku wamesimama, kwake hawakuwa na malezi. Watoto wake walijifunza kubana mkojo kabla ya kujifunza kusoma. Wakwe zake waliwaita "watu wa moja kwa moja", kwa utani, lakini utani wenye kijicho ndani yake. Mume alikuwa ameondoka. Gari lake lilibaki, na usemi wake ulibaki, na mjane hakutaka iwe ni yeye wa kuuvunja, tena ndani ya gari lilelile.

Siku ya safari waliondoka kukiwa na ubaridi bado. Aliketi juu ya mto mgumu, magoti chini kidogo ya nyonga, mtandio chini yake. Mwanzo wa safari ulikuwa mtamu. Mji ulikwisha, mashamba yakaanza, mwana akapiga mluzi, mama akamkosoa anavyoshika usukani.

Kisha nyonga ikaanza kukaza. Haikuuma. Ilikuwa kama mlango uliovimba kwa mvua, kila dakika unazidi kung'ang'ania fremu. Kituo cha mafuta kilitokea upande wa kushoto, kina miti na benchi. Alikitazama kikija, akakitazama kikienda. Akaanza kukanyaga juu chini kwa vifundo vya miguu, zoezi alilofundishwa la kusukuma damu.

"Mama, unashona nini huko chini?"

"Nashona mdomo wako. Tazama barabara."

Mwana alitazama barabara. Lakini punde si punde gari lilipunguza mwendo, likaingia pembeni mbele ya duka la vifaa vya ujenzi.

"Injini imechemka," alisema.

"Leo tena?"

"Gari la zamani, mama. Si unalijua?"

Alilijua sana. Miaka ya mwisho ya mumewe gari hilo lilikuwa na ugonjwa huohuo wa kuchemka katikati ya safari. Mwana alishuka akafungua boneti, akainama humo na kitambaa. Mkaguzi naye, kwa kuwa hakuna aliyemwomba ashuke wala aliyemzuia, alizungusha miguu nje, akashika fimbo yake, akatembea mpaka kwenye mabomba yaliyopangwa dukani kama mtu mwenye nia ya kununua. Akarudi. Akaenda tena. Mlango uliovimba ukalegea. Alimshukuru Mungu kimoyomoyo kwa ubovu wa rejeta.

Walikwenda, na nyonga ilipoanza kukaza upya, injini ikachemka upya, safari hii mbele ya shule. Mkaguzi alitembea kando ya ua wake, akahesabu madirisha yaliyovunjika kwa mazoea.

Ilipochemka mara ya tatu hakushuka. Kabla injini haijazimwa, alinyoosha shingo akatazama vipimo mbele ya usukani. Mshale wa joto ulikuwa umetulia katikati, haujui habari ya kuchemka kwa mtu yeyote.

"Njoo hapa," aliita.

Mwana alikuja dirishani, kitambaa mkononi, kikavu na safi.

"Tangu lini gari likawa na homa ya vipindi? Tena homa inayosubiri nyonga yangu?"

"Mama…"

"Nani kakwambia?"

"Dada. Alisema daktari anataka ushuke kila saa. Akasema pia kwamba wewe husemi hata ukikatwa mguu."

"Kwa hiyo mmekaa mkanitungia uongo."

Mwana alikunja kitambaa, akakikunjua. "Kutunga hatukutunga. Huu ni wa baba."

"Wa baba yako?"

"Gari halijawahi kuchemka, mama. Hata siku moja. Nilipokuwa shule alinipeleka mbele ya boneti, akanikabidhi tambara, akaniambia nijifanye nasaidia. Nikamwambia, baba, mbona injini ni nzima? Akasema, 'Injini ni nzima. Mama yako ndiye nyonga inamuuma, na hataki ijulikane. Mwache atembee.'"

Lori lilipita, likatikisa vioo.

Mkaguzi alikuwa akikumbuka meza ya wakwe wa mumewe, siku waliyochelewa kufika. Yeye mwenyewe alikuwa amesema mbele ya wote, "Mhandisi wa barabara nzima, rejeta moja inamshinda!" Wakacheka mpaka vikombe vikalia. Naye mumewe, mtu aliyejali jina lake kuliko shati lake, alikuwa amecheka pamoja nao, akasema, "Kweli, imenishinda." Tangu siku hiyo shemeji zake wakambandika jina la Rejeta, akaitika mpaka anakufa. Na yeye hakuwa amemwambia mtu habari za ile nyonga. Alidhani ameficha.

"Niletee maji," alisema.

Alikunywa. Alijipangusa midomo, na mashavu pia, kwa ncha ya mtandio. Mwana alikuwa amesimama kama mtoto anayesubiri kiboko.

"Mama, umekasirika?"

"Nimekasirika sana. Miaka yote ile ningekuwa nimemshukuru. Nimebaki na nani wa kumshukuru sasa?"

"Nipo mimi."

"Wewe utashukuriwa tukifika. Washa gari."

Walikwenda. Milima ikaanza, jua likageuka upande. Alipohisi mlango unakaza, mbele yao palikuwa na kituo kikubwa cha mafuta, mabasi mawili, na watu tele wakila wamesimama.

"Simama hapa," alisema.

Mwana aliegesha. Kwa mazoea akanyoosha mkono chini kuvuta kile kishikio cha boneti.

"Liache limefunikwa," alisema mama. "Gari ni zima."

Akazungusha miguu nje, akasimama mbele ya mabasi mawili, akajinyoosha kiuno. Kisha akatembea taratibu kuzunguka uwanja wote, kichwa juu, kama vile anakagua gwaride. Mwana alimfuata, mikono mfukoni, akipiga mluzi.

Walifika giza halijaingia. Dada mkubwa alikuwa amekaa mlangoni tangu mchana, akisikiliza kila gari.

"Shikamoo, mama mkubwa," alisema mwana.

"Marahaba, mwanangu. Mmechelewa, nyie watu wa moja kwa moja. Gari limechemka tena?"

"Gari halijambo, dada," alisema Mkaguzi. "Mimi ndiye nilitaka kushuka."

"Tembea nikusikie."

Alitembea. Dada aliinamisha sikio, akasikiliza viatu kwenye sakafu, hatua na hatua, zote za uzito mmoja.

"Haya," alisema. "Njoo, katoto."

Walikuwa wameketi, wameshikana mikono, simu ilipolia. Muuguzi hakuwa na muda wa salamu.

"Mama, umevimba? Unachechemea?"

"Muulize mama yako mkubwa, kanisikiliza nikitembea," alijibu. "Sichechemei. Nilishuka kila nyonga iliponiita. Mara ya mwisho mbele za watu."

"Mbele za watu, mama? Wewe?"

"Hawakuniona. Walikuwa wanakula." Aliuhamisha mkono wa dada yake, akauweka juu ya goti lake mwenyewe. "Na umwambie mwajiri wako akupe likizo mapema. Mwakani tunakuja wote, na wewe utakaa nyuma."