Mkoa Nilioujaza Mwenyewe

Mwaka ambao Warundi walipiga kura kumchagua rais, nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita hapa Kigali, na nilitaka jambo moja tu: baba asiondoke.

Tulikaa Gatsata, na baba alishona viti vya magari katika gereji za pale. Kwao ni Burundi, kusini, kando ya ziwa. Alikimbia mauaji ya huko akiwa kijana, akaacha michikichi ya babu mikononi mwa watu wengine. Mama alikuwa Mswahili wa Nyamirambo, na Burundi hakuijua. Waligombana mwezi mzima kuhusu kurudi, mpaka wakapatana hivi: kama mkoa wa kwao baba utamchagua mgombea mpya, baba ataenda kwanza peke yake kudai shamba, sisi tutamfuata. Kama mkoa utabaki na yule wa zamani, basi waliolichukua shamba bado wana nguvu, na baba atasubiri mwaka mmoja.

"Mkoa wako tu," mama alisema. "Kwingine washinde wasishinde, mimi nauliza mkoa wako."

Jioni ya matokeo alikuja baba mdogo. Hakuwa ndugu wa damu. Alitoka mlima mmoja na baba kule Burundi, na alikuwa mchinjaji Nyabugogo. Rwanda nako kulikuwa na vita siku zile, na vizuizi barabarani, kwa hiyo mgeni akija jioni alilala. Betri za redio zilikuwa zimeanikwa juani mchana kutwa ili zipate nguvu. Baba alikuwa na sheria yake: redio ikisema, mtu hasemi. Hata kikohozi kilipelekwa nje.

Kalamu nilipewa mimi. Wao wawili hawakusoma shule, na mimi nilikuwa nimemaliza ya msingi. Nilichora mistari katika daftari, upande huu wa zamani, upande ule mpya, na mikoa ikishuka chini. Tatizo ni kwamba naandika polepole. Shuleni mwalimu alifuta ubao kabla sijafika katikati, na sikuwahi kunyoosha mkono kumwambia asubiri.

"Huyu anaandika au anasuka mkeka?" baba mdogo alisema redio ilipoweka muziki. "Mkoa wa tatu umesomwa, yeye bado yuko wa kwanza!"

"Mwache. Wewe hata jina lako unaweka kidole."

"Kidole changu kina mbio kuliko kalamu yake, yewe!"

Walicheka sana. Nami nilicheka, lakini uso uliniwaka.

Usiku ukaenda. Karibu kila mkoa uliosomwa ulikuwa wa yule mpya, na baba alikuwa akipiga goti lake kwa ngumi, bila sauti, kwa sababu ya sheria yake mwenyewe. Baadaye baba mdogo alisinzia ukutani. Mama alikuwa chumbani na mdogo wangu aliyekuwa na homa. Baba akatoka kwenda chooni. Ndipo redio ikataja mkoa wetu.

Nilikuwa bado naandika tarakimu za mkoa uliotangulia. Niliharakisha kuzimaliza, nikashuka mstari wa chini, na kalamu ilipogusa karatasi msomaji alikuwa ameshafika mkoa mwingine. Sikushika hata tarakimu moja.

Mlango ukafunguliwa. "Wamesoma kwetu?"

"Wamesoma."

"Nani?"

Baba mdogo alikuwa ameamka. Alinitazama, na kicheko kilikuwa tayari mdomoni mwake. Ningeweza kusema sikuwahi kuandika, ndilo lilikuwa neno la kweli, na lilikuwa fupi. Lakini niliona watakavyocheka tena. Nilimtaka yule wa zamani, baba abaki, lakini nikafikiri, kila mahali anaongoza huyu mpya, kwetu kutakuwaje tofauti?

"Yule mpya," nikasema.

"Andika nione."

Nikaandika tarakimu za kubuni. Baba hakujua kuzisoma, lakini aliweka kidole juu yake na hakukiondoa kwa muda mrefu. Kisha akamwita mama. Mama alikuja na khanga begani, hakumtazama baba, alinitazama mimi.

"Kweli?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Haya," akasema. "Nilisema, siwezi kurudi nyuma." Akarudi kwa mtoto.

Alfajiri redio ilisoma orodha yote upya. Wanaume walikuwa nje, wakiwakumbatia wapita njia. Safari hii nilisikia vizuri, bila kalamu. Mkoa wetu ulikuwa umebaki na yule wa zamani. Nje baba alikuwa akipaza sauti, "Hata kwetu! Hata kwetu wamekubali!"

Mama alikuwa jikoni uani, mbali na redio, anakoroga uji.

"Mama," nikasema.

"Nini?"

"Sukari imekwisha."

"Si iko kwenye kopo? Una nini wewe leo?"

Nilikuwa na wiki tatu za kusema. Baba aliaga gereji, akafungua skrubu za cherehani yake, akaifunga katika gunia. Kila jioni nilijiambia kesho. Siku ya safari, kwenye kituo cha Nyabugogo, aliniweka mkono kichwani mbele ya abiria wote. "Huyu ndiye mwandishi wangu," aliwaambia. "Yeye ndiye aliyeniandikia kwetu." Basi likaondoka.

Ilifika barua moja, mtu mwingine alimwandikia. Alisema yu mzima, na waliolichukua shamba wanamsalimia lakini hawamkaribishi ndani. Mwishoni kulikuwa na maneno ya kuniambia mimi: "Mwambieni mwandishi wangu kwamba huku watu hawakupiga kura kama alivyoandika, lakini asijali, yatakwisha." Mama alinisomesha barua ile mara mbili. Mahali pale niliparuka mara zote mbili.

Mwezi wa kumi rais mpya aliuawa, na kule watu wakaanza kuuana. Mama alikwenda Nyabugogo kila siku kuwauliza waliotoka Burundi, nami nikamfuata. Mmoja alisema cherehani ya baba aliiona njiani, imepinduka. Mwingine alisema hakuona kitu. Hatukupata neno jingine mpaka leo.

Jioni moja tukipanda kurudi Gatsata, mama alisimama kupumua.

"Mimi ndiye niliyemwua," akasema. "Mimi niliweka lile sharti la mkoa. Nani alinituma? Ningesema tu baki, angebaki."

Nilifungua mdomo. Alikuwa akinitazama, akingoja, kana kwamba alijua nina la kusema. Watu walipita na mizigo vichwani. Niliwaona watu wale wote, nikaona haya kulia mbele yao.

"Twende, mama," nikasema. "Mtoto yuko peke yake."

Akatangulia. Alibeba lawama ile mpaka mwisho wake, na mwisho wake haukuwa mbali. Mwaka uliofuata mauaji yalifika kwetu Kigali, na hayo siwezi kuyaandika. Lakini siku ile alikuwa hai, hatua mbili mbele yangu, na njia ilikuwa bado ndefu ya kutosha kwa maneno machache.