Riwaya Isiyo na Mchawi

Wakala wa tatu, kazi yake kuwatafutia waandishi wachapishaji, naye aliikataa riwaya yangu ya kwanza. Lugha nzuri, aliandika, ila hadithi ya Sumbawanga bila mchawi nani atainunua? Wawili wa kwanza walisema hivyohivyo. Mimi nimekulia Kizwite, hapohapo Sumbawanga, na kilichotuloga sisi ni bei ya mbolea!

Nilikasirika siku nzima. Jioni nikawapitia wahusika wangu, nikimtafuta wa kumgeuza mchawi. Aliyefaa ni mmoja tu: mjane mwenye rozari shingoni, anayepepeta ulezi uani. Nilimchora kutokana na mama.

Mama akaniita kutoka jikoni: “Mwanangu, wamekubali?”

“Wanakaribia kukubali, mama.”

Nilikuwa nimeshamvua rozari, namvisha hirizi.