Mkono wa Colby Strayer

Mpwa wangu Rudy Vukmanic alikuwa na mbio za kutisha, na miaka mitatu mizima alikimbia bure. Alikuwa mdakaji wa timu ya sekondari ya mpira wa Kimarekani, ule wa kurushwa kwa mkono, hapa mjini kwetu, Pennsylvania, ambako Ijumaa jioni hata kinyozi hufunga duka akaenda uwanjani. Kazi yake ilikuwa kuwatoka walinzi, afike mbali, ageuke kuungoja mpira. Mpira hauji. Mrushaji wetu, Colby Strayer, aliutupa hapo hapo ubavuni, yadi nne, yadi tano, kwa yeyote aliyesimama peke yake. Tunakwama, tunawapigia wapinzani mpira iwe zamu yao, basi.

Tulifungwa mechi nyingi. Lakini gazeti likaandika kwamba wilaya nzima hakuna mwenye shabaha kama Colby: mirusho saba katika kila kumi inafika, na adui hainyakui kamwe. Vyuo vikaanza kupiga simu kwa kina Strayer, vikitaka kumsomesha bure ili avichezee. Kwetu simu haikulia. Nani atamchukua mdakaji asiyedaka?

"Takwimu hazidanganyi," baba yake Colby alitamba siku moja mgahawani, anakofanya kazi dada yangu Milena, mama yake Rudy.

Milena akamwekea sahani mezani kwa kishindo. "Asiyevuka barabara hagongwi na gari, Bwana Strayer. Ndiyo tuseme anajua sana kutembea?"

Watu wakaangua kicheko. Strayer akaacha chakula nusu, akaondoka.

Rudy hakucheka. "Muacheni Colby, mama," alisema nyumbani. "Hana mkono wa mbali. Hawezi kutoa asichonacho."

Ikaja mechi ya mwisho. Tuko nyuma kwa pointi nne, muda umebaki wa kucheza mara moja tu. Wachezaji walipokusanyika, Rudy akamkamata Colby fulana.

"Niko wazi tangu mchezo uanze. Unaniona, hunioni?"

"Nakuona. Mpira ukinyakuliwa je?"

"Tutafungwa. Kwani sasa hivi tunashinda?"

"Tupa bwana!" akafoka Otis, pande la mtu lililomkinga Colby mbele. "Mpira huo, si yai!"

Colby akarusha. Ulipaa yadi hamsini na ushei, ukavuka vichwa vya walinzi wawili, ukatua mikononi mwa Rudy taratibu, kama mtoto anayelazwa kitandani. Alikuwa amekwisha kuvuka mstari wa mwisho: pointi sita. Tumeshinda! Uwanja ukalipuka. Mimi mwenyewe nilimkumbatia mtu nisiyemjua.

Rudy hakushangilia. Aliuweka mpira chini, akavua kofia, akarudi uwanja mzima kwa miguu hadi kwa Colby.

"Kumbe ulikuwa nao."

"Nini?" Colby alikuwa anacheka, akidhani anasifiwa.

"Huo mkono! Nilikutetea kwa mama yangu, nikasema huwezi!"

"Rudy, ndugu yangu, vyuo vinatazama asilimia. Ningekosea mara tatu nne, nani angenitaka?"

"Na mimi nani angenitaka? Ulifikiria hilo?"

Akamsukuma kifuani kwa mikono miwili, Colby akakaa kwenye matope. Otis ndiye aliyewaachanisha, wenzao bado wanaimba.

Colby alipata chuo huko Ohio, kila kitu bure. Rudy akaenda kuezeka mapaa. Mwaka wa pili tukasikia Colby amekalishwa benchi: makocha wa kule walitaka mtu wa kurusha mbali, naye kila akipewa nafasi anatupa ubavuni. Tabia ilikuwa imekwisha kuwa mfupa.

Sikukuu ya Shukrani akaja kubisha mlangoni kwa Milena, mpira kwapani. Tulikuwa mezani.

"Twende tukarushe kidogo," akamwambia Rudy. "Nataka kujizoeza ya mbali."

"Leo ndiyo unataka kukosea?" Rudy akasema. "Ungekosea nilipokuwa nakimbia."

Akafunga mlango. Alirudi akaketi, akajikatia bata mzinga, na kisu kikakwaruza sahani. Milena alifungua kinywa aseme neno.

"Usiniambie nimsamehe, mama," akasema Rudy. "Kula."

Tukala.