Glasi Yenye Uzi Mwekundu

Kwangu pale Kimanga palikuwa shule ya watumishi wa Wazungu, ingawa hakuna aliyepaita hivyo. Meza yetu ilikuwa sanduku la sabuni lililofunikwa shuka, uma zetu zilikuwa matete yaliyochongwa, na Madamu, bibi wa Kizungu wa kuhudumiwa, nilikuwa mimi. Nilikaa kwenye kigoda nimekunja nne, nikagonga kopo kwa kijiko, na mwanamume mzima aliyetoka kulima pamba bondeni, Nyakabere au Runingu, akaja akisema, "Wi, Madamu," yaani ndiyo, bibi. Akija anaburuta miguu, nilimrudisha mlangoni aanze upya. Akininukia jasho, nilimpeleka ziwani na kipande cha sabuni. Miaka ile nilikuwa na ulimi mkali, na wanaume walinivumilia kwa sababu walihitaji nilichokuwa nacho.

Masista walikuwa wamenifundisha kufua, kupiga pasi na kutandika meza. Mume wangu alikuwa mpishi wa familia moja ya Kizungu iliyokaa karibu na ziwa, nami nilifua nguo hapo hapo. Kwa hiyo kila mtu wa bondeni aliyechoshwa na pamba alibisha hodi kwetu. Kupata kazi kwa Mzungu hakukuwa kugumu sana. Kazi kubwa ilikuwa kubaki nayo. Unampeleka mtu, unafurahi, na kabla juma halijaisha unamwona anapita na mkeka wake kichwani akirudi bondeni, wala hajui amekosa nini.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa amefukuzwa hivyo nyumba mbili. Ya kwanza walisema mikono yake ni michafu, kumbe ni weusi wa utomvu wa migomba usiotoka kwa sabuni yoyote. Ya pili hawakusema kitu. Shamba lake la Runingu lilikuwa limegeuzwa kuwa la pamba, pamba isiyoliwa, na mkewe alikuwa mjamzito. Aliniambia waziwazi kwamba akifukuzwa mara ya tatu hatarudi tena kujaribu, aibu itamtosha.

Basi nilimfundisha kuliko nilivyowahi kumfundisha mtu. Alijua kushika sinia, kusimama upande wa kushoto, kufunga mdomo Wazungu wakizungumza. Glasi tulizotumia zilikuwa makopo, na yalikuwa matupu, maana ni nani wa kumwaga kinywaji kwa ajili ya mchezo? Hapo ndipo nilipopitiwa. Kopo tupu halina cha kuonja.

Kwetu, mtu anayekupa kinywaji hukionja kwanza. Hajali kama ni pombe au maji. Anapiga funda moja mbele yako, anafuta ukingo kwa kiganja, kisha anakupa kwa mikono miwili. Maana yake ni kwamba mkono wangu hauna sumu, unywe ulale salama. Hakuna anayemfundisha mwenzake jambo hilo. Tunakua nalo, na mtu akikupa bila kuonja unarudisha mkono, hata kama ni ndugu yako.

Madamu wa kweli, bibi wa nyumba tuliyofanyia kazi, alimchukua kwa sababu ya mume wangu. Jumapili ya kwanza wakaja wageni, bwana mmoja mnene wa mambo ya pamba na wengine wawili pamoja na wake zao. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma napiga pasi, mlango uko wazi. Nilimwona shemeji akitoka na sinia, suruali nyeupe, mgongo wima, nikajisifu moyoni. Akainua glasi ya divai ya yule bwana mnene. Akapiga funda. Akafuta ukingo kwa kiganja, taratibu, kisha akamnyooshea kwa mikono miwili.

Yule bwana alibaki na mkono hewani, uso ukiiva. Madamu akaita jina la mume wangu kwa sauti iliyonifanya niache pasi juu ya shati, na lile shati liliungua.

Mume wangu alikuja akipangusa mikono kwenye aproni, mtu mzima mwenye watoto wanne, akasimama mbele yao kama mtoto aliyevunja chungu. Akaeleza kwa Kifaransa chake cha jikoni: desturi yetu, Madamu, anaonyesha hakuna sumu. Wakatazamana. Halafu yule bwana mnene akashika koo lake, akatoa macho, akajiangusha kitini kana kwamba anakufa, na wote wakapasuka kwa kicheko. Mume wangu naye akacheka. Nilimwona akicheka, na sijawahi kutamani kutokuwepo mahali kama siku ile.

Wakamwambia shemeji awahudumie wote namna hiyo hiyo. Akafanya, mmoja baada ya mwingine, kwa heshima zote kama mtu anayehudumia wakwe zake.

Jioni ile alikuja kwetu akiwa na furaha isiyofichika.

"Balikuwa banafurahi," alisema. "Minye niliogopa, kumbe bazungu banajua heshima yetu. Shemeki, weye haukuniambia."

Mume wangu alikuwa akila. Hakuinua kichwa. Nilijibu tu kwamba ni vizuri, nikaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Tangu siku ile kila Jumapili ilikuwa hivyo. Wageni walikuja wakiwa wameshahadithiwa. Mmoja alijishika tumbo, mwingine alijikunja chini, wanawake walipiga makofi. Naye shemeji alionja, akafuta, akatoa kwa mikono miwili. Kile alichoonja hakuna aliyekinywa. Akishageuka, kinywaji kilimwagwa kwenye maua ya baraza na glasi safi zikaletwa kutoka ndani. Baadaye Madamu aliona uharibifu, akachagua glasi moja ya kuonjea, akaifunga uzi mwekundu kwenye mguu ili isichanganyike na nyingine. Kuiosha ilikuwa kazi yangu, peke yake, katika maji yake. Nimeosha nguo za wagonjwa na sikuona kinyaa, lakini ile glasi ilinitia aibu kila nilipoishika, na aibu yenyewe sikujua niiweke wapi. Ilikuwa ya shemeji, naye hakuonekana kuwa nayo. Basi niliibeba mimi.

Angefukuzwa ningejua la kufanya. Lakini kazi ilishika. Wale wengine wote niliowafundisha vizuri walikuwa wakirudi bondeni na mikeka yao, na huyu niliyemfundisha pungufu ndiye aliyebaki.

Kisha Madamu akatangaza kwamba wanarudi Ulaya, na kwamba watakwenda na shemeji. Mama yake yeye Madamu ni mzee, alisema, anakaa peke yake katika nyumba kubwa, atapenda sana kuwa na boyi kama huyu wakati wa karamu. Alisema neno "karamu" akinitazama, kana kwamba mimi naye tunajua siri moja. Nilijibu, "Wi, Madamu," kwa sauti ile ile niliyokuwa nikiwafundisha wengine.

Runingu kulikuwa na shangwe. Mtoto wao anakwenda Ulaya. Hakuna aliyewahi kwenda. Baba mkwe wangu alianza kuandaa ndizi za pombe, na mimi nikawa silali vizuri. Nilijiuliza, mtu akifika mbali hivyo, hana ndugu hata mmoja, halafu siku moja akaelewa wanachokicheka, atamshika nani bega? Nikaamua kumwambia. Alikuja kuchukua mashati yake ya safari. Nilikuwa naendelea kupiga pasi ili nisimtazame usoni.

"Shemeki," nilisema, "ile mambo ya kuonja. Banakuchekaka."

Aligusa kola ya shati lililokwisha kupigwa pasi.

"Minye najua," alisema. "Nilijua tangia mara ya pili. Maua ya baraza inanuka divai."

"Sasa juu ya nini unaendelea?"

"Iko kazi, shemeki. Ile ingine yote mulinifundisha, kila muntu anaijua. Hii tu ndiyo iko yangu."

Nilikunja shati. Nililikunja vibaya, nikalikunjua, nikalikunja tena. Nilitaka kumwambia aache kwenda, lakini ningempa nini badala yake? Pamba? Akachukua mashati yake, akanishukuru kwa mikono miwili.

Siku ya kumuaga, ukoo ulijaa uani kwa baba mkwe. Wazee walikaa kwenye mikeka, wake zao nyuma yao, na mkewe mjamzito alikalishwa kivulini akipongezwa na kila mtu. Anayesafiri ndiye huanza kumhudumia baba yake. Wakampa shemeji kibuyu kilichojaa. Alikuwa amevaa shati nililopiga pasi mimi.

Alipiga goti mbele ya baba yake, akainua kibuyu hadi karibu na midomo. Hapo akasita. Nilimwona macho yakipita juu ya watu, kana kwamba anatafuta nani atashika koo lake kwanza. Hakuna aliyecheka. Kwa nini wacheke? Walikuwa wanangoja aonje, kama ambavyo wamengoja maisha yao yote. Macho yakanifikia mimi, yakakaa.

Akateremsha kibuyu bila kuonja. Akamnyooshea baba yake.

Mzee mmoja jirani akavuta mguu wake nyuma. Mama mkwe wangu akaniuliza kwa kunong'ona, "Huyu mutoto iko na nini?" Mimi niliyejua nikaanza kukunja ncha ya kitenge changu, na mume wangu alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Baba mkwe alitazama kibuyu, kisha akamtazama mwanawe. Mkono wake ulianza kurudi nyuma wenyewe, kama mkono wa mtu yeyote wa kwetu ungerudi. Akauzuia. Akakipokea kile kibuyu kwa mikono yote miwili, akanywa mbele ya ukoo mzima, pombe isiyoonjwa, akanywa mpaka ikamtiririka kidevuni.