Alichosema Cucu Akiamka

Siku yangu ya kwanza thieta, chumba cha upasuaji, nilifika saa kumi na mbili asubuhi, viatu nimevipiga rangi viking'aa, kana kwamba mgonjwa aliyelala angeviona. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru, katika hospitali moja ya Nyeri ambayo sitaitaja. Nilikuwa muuguzi, na nilikuwa nimetoka kusomea kazi ya usingizi, yaani kumlaza mgonjwa asisikie kisu, kisha kumwamsha akiwa mzima. Daktari Mkuu wa Upasuaji alinitazama kutoka juu hadi chini. "Sista," akasema, "hapa mgonjwa haambiwi kitu. Analazwa, anapasuliwa, anaamka. Maneno mengi yanaleta woga." Nikaitikia ndiyo, daktari. Kwa jambo hilo sikumtii hata siku moja.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Tulikuwa na etha, dawa yenye harufu kali ambayo mgonjwa aliivuta kupitia barakoa. Mitambo ya kulia tii tii kama hii mnayojivunia leo haikuwapo. Kidole changu kilikaa kwenye mshipa wa mgonjwa, na macho yangu kwenye kucha zake, nione kama zinageuka rangi. Lakini kazi yenyewe niliianzia wodini, alasiri ya kuamkia upasuaji. Niliketi kwenye kila kitanda nikauliza: unaogopa nini?

Mkulima mmoja aliogopa kwamba atasikia anakatwa na mdomo umekataa kufunguka. Mwalimu fulani aliogopa ataamka amesahau hesabu zote. Niliwajibu ukweli. Koo litauma, kwa sababu ya mpira tunaopitisha humo ili upumue. Utatapika kidogo, pengine utalia bila sababu, na hayo yote hupita. Na uji atakaokuletea wifi yako asubuhi usiuguse hata akinuna, maana tumbo likiwa limejaa, uji utapanda uingie mapafuni. Daktari Mkuu alipata habari, akaniita ofisini. "Unafanya siasa wodini," akasema. Nikamwambia ninafanya kazi.

Basi akaja Cucu mmoja, bibi mzee kama tunavyomwita kwa Kikuyu, kutoka Endarasha. Alikuwa na rovu, uvimbe wa shingo, mkubwa kama viazi viwili vilivyoshikana. Akilala chali pumzi ilikatika, kwa hiyo alikuwa akilala ameketi. Asipopasuliwa angekosa hewa kabisa, na bado alikuwa ameukataa upasuaji mara mbili.

"Cucu, unaogopa kufa?" nikamuuliza.

"Kufa naogopa nini mimi? Naogopa hii mdomo yangu. Ati ukipewa hiyo dawa unaongea kila kitu. Ni kweli?"

Ningeweza kumdanganya, na wenzangu wengi wangemdanganya. "Ukiwa umelala husemi kitu," nikamwambia. "Ni wakati wa kuamka. Wengine huropoka, na hawakumbuki."

Akatazama mlangoni, kisha akashusha sauti. "Huyo daktari yako namjua. Baba yake alikuwa headman kwetu, mkubwa wa kijiji aliyewekwa na wazungu, wakati wa Emergency, ile vita ya msituni. Akapotea, hakuonekana tena. Mimi nilikuwa napelekea watu wa msitu chakula. Niko na maneno ndani, mwari, binti yangu, na si yangu peke yangu. Wengine bado wako hai."

Hapo nikaona shida nyingine. Ni lazima mjue desturi ya upasuaji wa rovu. Mshipa unaoendesha sauti hupita nyuma yake, na kisu kikiugusa mtu hubaki bila sauti. Kwa hiyo mgonjwa akianza kuamka anasemeshwa papo hapo, na daktari aliyempasua anasimama karibu asikilize. Yaani Cucu alitakiwa aongee wakati uleule aliouogopa, mbele ya mtu yuleyule aliyemwogopa.

Nikamwahidi kwamba atakayesikia ni mimi tu, na kwamba sitamwambia mtu.

Asubuhi nilimwambia Daktari Mkuu kwamba Cucu akianza kuamka, kila mtu atatoka, na yeye pia. Cucu alikuwa tayari juu ya meza, ameketi, akivuta pumzi kwa shida.

"Unanipa masharti ndani ya thieta yangu?"

"Ndiyo, daktari. Ni ahadi niliyompa mgonjwa. Bila hiyo hakubali barakoa, na mimi simlazi."

Mlaza usingizi nilikuwa mimi pekee siku hiyo, na sote tulisikia ile pumzi. Akaashiria nimlaze, akanawa mikono. Nitasema haki: alimpasua vizuri sana. Alipomaliza kushona, akawapungia wengine mkono, wakatoka naye.

Cucu aliamka polepole. Nilitoa mpira kooni, nikamwita, akaanza kusema kwa Kikuyu. Alisema kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka, na kila neno lilisikika wazi.

Daktari Mkuu alikuwa nje ya mlango, barakoa ikining'inia shingoni.

"Sauti iko?"

"Iko, daktari. Nzima."

"Anatoka kwetu yule. Alimtaja baba yangu?"

Nikageuka kumtazama Cucu.

"Sista, mama yangu bado anamngoja. Niambie."

Nilimhurumia, na hadi leo namhurumia. Lakini nilimwambia, "Muulize mwenyewe akiwa macho. Nikianza kutoa nje maneno ya watu wanaoamka, hakuna mtu atakayekubali tena kulala mbele yangu." Akaenda zake. Kwenye kitanda cha Cucu hakuwahi kufika.

Kesho yake Cucu alikuwa amelala chali. Akanishika mkono.

"Nilisema?"

"Ulisema, Cucu."

"Nani alisikia?"

"Mimi peke yangu."

"Basi sasa tuko wawili," akasema, akafumba macho kupumzika.

Kabla ya mwezi kwisha nilipata barua ya uhamisho kwenda Nanyuki. Ilisema kwamba sina nidhamu. Niliikunja, nikaenda, na huko pia nikawa nakaa kwenye vitanda vya watu. Mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe, Mwislamu, aliomba asome dua yake kabla ya barakoa. Mganga Mkuu wa huko akaanza kutazama saa. Nilishika barakoa mkononi mpaka mzee akasema amina, na sikuomba radhi. Nilifanya hivyo hadi nilipostaafu na kuja kukaa hapa Skuta, karibu na mji wa Nyeri.

Siku hizi vijana wa kazi hii hunitembelea. Wana dawa nzuri kuliko zetu, na fomu ambazo mgonjwa hutia sahihi bila kuambiwa maana yake. Nawauliza: mliketi kitandani kwake? Wanacheka, wanasema foleni ni ndefu. Foleni hata yetu ilikuwa ndefu.

Halafu huniuliza Cucu alisema nini. Cucu alishafariki, wanasema, na daktari pia, na mama yake daktari, sasa itamdhuru nani? Wengine huniambia usoni kwamba nilimnyima mtu kaburi la baba yake. Hilo nalijua, sikungoja wao waniambie. Lakini Cucu aliikubali ile barakoa kwa sababu ya neno langu, na sikumwambia kwamba neno hilo lina mwisho. Tulikuwa wawili. Sasa niko peke yangu, na nitakwenda nalo kaburini.