Kwenda Kavimvira Kugombana na Kitenzi

Nilitoka nyumbani Kalundu kwa sababu mjukuu wangu alinidharau kwa Kireno, na nilitaka mtu aliyenifundisha Kireno hicho anieleze vizuri.

Mjukuu ni Neema. Yuko Nampula, Msumbiji, pamoja na baba yake Bahati, mwanangu wa mwisho, aliyeoa huko. Mtoto hajui Kiswahili. Bahati anasema eti hana mtu wa kukiongea naye. Na weye baba yake, uko bubu? Nilimuuliza hivyo. Basi nikasema, kama mtoto hawezi kuijia lugha yangu, nitaifuata yake, hata kama shule niliiacha nikiwa bado mdogo. Nikaingia somo la mwalimu Juvenali huko Kavimvira, upande wa pili wa mji. Aliishi Msumbiji muda mrefu, sasa anafundisha watu wanaojitayarisha kwenda huko.

Jumapili Bahati alipiga simu. Nikamsalimia Neema kwa Kireno, akafurahi, akauliza, "A avó vem?" Nilielewa kila neno. Avó ni bibi. Vem ni anakuja, ndivyo tulivyofundishwa: venho ninakuja, vens unakuja, vem anakuja. Yaani mimi niko kwenye simu, na mtoto anauliza, bibi anakuja? Bibi yupi? Si yule mwingine, mama ya mama yake, anayekaa jirani nao! Nikakata simu. Walipopiga tena sikupokea.

Jumatatu asubuhi nilipanda moto, pikipiki ya kubeba abiria. Tulipofika Kimanga maduka yalikuwa ndiyo kwanza yanafunguliwa, na dereva akaanza maneno, akiniita koko, yaani bibi.

"Koko, unaenda kwa munganga?"

"Naenda kugombana."

"Na nani?"

"Na kitenzi."

"Huyo simujui. Ni mutu wa Kavimvira?"

Nikamwambia aangalie barabara.

Mbele kidogo ziwa limekula barabara, moto haipiti. Pale kuna wanaume wanaobeba watu mgongoni. Nilikataa. Nilifunga kitenge juu ya magoti nikapita mwenyewe, na mtu mwenye hasira hasikii baridi ya maji.

Nilipofika, darasa lilikuwa linaimba: falo, falas, fala, yaani nasema, unasema, anasema. Hapa niseme jambo linalonichukiza tangu siku ya kwanza. Kiswahili kinakuonyesha mwenye kitendo mlangoni kabisa: ni, u, a. Unamjua mtu kabla hajaingia. Kireno kinamficha mkiani! Unangoja mpaka neno liishe ndipo ujue ni nani aliyefanya. Ni ustaarabu gani huo? Mwanzoni mimi nilisema "ninafalo," nikaweka mwenyewe mbele na nyuma, na mwalimu akaniambia, "Mama Bahati, umevaa viatu viwili kwa muguu moja." Darasa zima lilicheka. Bado sijawasamehe.

Siku hiyo sikukaa.

"Mwalimu, vem ni nini?"

"Anakuja."

"Si unakuja?"

"Unakuja ni vens. Vizuri sana, Mama Bahati."

"Hakuna vizuri. Mjukuu wangu amenidharau." Nikamweleza yote.

Akashika kichwa. "Mama, hapana! Vens ni ya rafiki, ya mutu wa rika yako. Mtoto hawezi kumwambia bibi yake vens. Anamwita bibi, kisha anasema naye kama anayemsema mtu mwingine. Njo heshima yao. Alikuwa anakuuliza weye: bibi, utakuja?"

"Heshima ni kunitoa nje ya mazungumzo nikiwa ndani?"

"Njo vile."

"Na kwa nini hukutufundisha?"

"Ni somo la juma lijalo."

Juma lijalo! Mtoto nimemkatia simu kwa sababu ya juma lijalo! Feza, muuza samaki anayemfuata mume wake Msumbiji, akapiga makofi. "Koko, ulikasirikia mukia wa neno?"

"Weye Feza, nyamaza. Falamos yenyewe, tunasema tu, inakushinda."

Nikatoka bila kuaga. Nilikuwa sijamwamini mwalimu. Nilisema moyoni, huyu anafunika kosa lake.

Wakati wa kurudi, miguu ilikuwa imechoka. Pale majini mwanaume mmoja aliyekunja suruali akanikaribia.

"Koko atabebwa ao atapita mwenyewe?"

"Atabebwa," nikajibu, nikapanda mgongoni.

Tulikuwa katikati ya maji neno lile liliponigonga. Koko atabebwa! Koko yupi? Pale hapakuwa na koko mwingine. Mtu huyu hanijui, lakini hakutaka kuniambia "weye," na angethubutu ningemkaripia. Aliniinua kwa neno kabla ya kuniinua kwa mgongo. Na mimi nilimjibu vilevile, bila hata kufikiri.

"Koko anacheka nini?" akauliza.

"Hacheki. Tembea."

Kabla hata sijavua kitenge kilicholowa nilimpigia Bahati.

"Mama, mtoto amelia tangu jana," akasema.

"Mpe simu."

Sauti ikaja, ndogo sana. "A avó vem?"

"Venho," nikasema, na mkia nikauweka mahali pake.

Kisha akaniambia polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto, "Não, avó. Vou."

Bahati akaingilia kueleza: kwa Kireno, ukiwa unamwendea mtu, humwambii nakuja, unamwambia naenda. Mnaona mambo hayo? Unaulizwa unakuja, unajibu naenda! Nilitaka kuanza ugomvi upya.

"Vou," nikasema.

Alipiga kelele za furaha mpaka nikaondoa simu sikioni.

Safari hiyo ilinifundisha kuuliza kabla ya kukata simu. Haikunifundisha kukipenda Kireno. Nakilaumu bado, na Bahati namlaumu zaidi. Lakini nimesema naenda, na mtoto amesikia. Kesho naanza kuulizia pasipoti.